Kubadilisha distro ya Linux kwenye seva

Kubadilisha distro ya Linux kwenye seva ni kazi ya kuondoa usambazaji mmoja wa mfumo endeshi wa Linux katika seva inayotumika na kuweka mwingine mahali pake, bila kununua mashine mpya na bila kupoteza data, akaunti za watumiaji wala mipangilio. Mfano ni seva ya CentOS kugeuzwa kuwa AlmaLinux, au seva ya Debian kugeuzwa kuwa Devuan. Kazi hii ni tofauti na kupandisha toleo, ambako distro hubaki ileile (kwa mfano kutoka Debian 11 kwenda Debian 12). Ni tofauti pia na kusakinisha upya, ambako diski hufutwa yote na kuanza moja.

Mara nyingi kazi hii hufanyika pale distro ya zamani inapoacha kupata masasisho ya usalama. Kwa taasisi zilizo mbali na mafundi, kama shule, vituo vya afya na ofisi za mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania, ugumu mkubwa hauko katika amri zinazoandikwa. Uko katika kujua seva itarudishwaje kazini endapo itashindwa kuwaka baada ya mabadiliko.

Distro ni nini

Linux kwa maana halisi ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia prosesa, kumbukumbu, diski na vifaa vingine. Kiini hicho kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kerneli peke yake haimtoshi mtumiaji. Huhitaji maktaba za msingi, programu za kusakinisha programu nyingine, huduma za mtandao na zana za usimamizi. Mkusanyiko kamili wa vitu hivyo, ulioandaliwa na kutunzwa na kampuni au jumuiya fulani, ndio unaoitwa usambazaji wa Linux. Mafundi huuita kwa kifupi distro.

Distro nyingi za seva ziko katika familia mbili kubwa:

- Familia ya Debian, ambayo ilianza mwaka 1993. Humo mna Debian yenyewe, Ubuntu (iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini) na Devuan. Vifurushi vyake vya programu huwa na umbo la deb na husimamiwa kwa zana ya apt.
- Familia ya Red Hat. Humo mna Red Hat Enterprise Linux (RHEL), CentOS, AlmaLinux, Rocky Linux, Oracle Linux na Fedora. Vifurushi vyake huwa na umbo la rpm na husimamiwa kwa zana ya yum au dnf.

Kwa Kiswahili msamiati wa fani hii bado ni mchanga. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulitengeneza pia faharasa ya maneno ya kompyuta. Hata hivyo, maneno mengi ya uendeshaji wa seva yanaendelea kutumika kwa umbo la kuazima, kama distro, kerneli na seva.

Sababu za kubadilisha

Sababu zinazotajwa zaidi ni hizi:

- Mwisho wa huduma. Kila toleo la distro lina tarehe ya kuacha kupokea masasisho. Baada ya hapo, kasoro mpya za usalama zikigunduliwa hubaki wazi, na mtu yeyote anayezifahamu anaweza kuzitumia kuingia kwenye seva.
- Mabadiliko ya sera ya mmiliki wa distro, kama yale ya CentOS yanayoelezwa hapa chini.
- Gharama za leseni au za huduma kwa mteja.
- Programu mpya kutengenezwa kwa ajili ya familia fulani tu.
- Kupunguza aina za distro, ili fundi mmoja aweze kusimamia seva zote za taasisi kwa ujuzi uleule.

Nchini Tanzania sababu ya kwanza ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Seva yenye majina ya wagonjwa au matokeo ya wanafunzi, ikiwa imeunganishwa na intaneti huku mfumo wake haupati masasisho, ni vigumu kusema kwamba inalindwa.

Historia: kisa cha CentOS

Kisa kilichowafanya wasimamizi wengi duniani kubadilisha distro ni cha CentOS. Distro hiyo ilianza mwaka 2004 kama nakala ya bure ya RHEL, iliyojengwa upya kutoka msimbo wake wa wazi. Ilipendwa na vyuo, kampuni za kuhifadhi tovuti na taasisi zisizo na fedha za leseni. Mwaka 2014 mradi wa CentOS ulijiunga na kampuni ya Red Hat, nayo Red Hat ikanunuliwa na IBM mwaka 2019.

Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kupata masasisho hadi mwaka 2029, ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Mahali pake pangechukuliwa na CentOS Stream, ambayo hutangulia kidogo mbele ya RHEL badala ya kuifuata. Waliokuwa wamesakinisha toleo la 8 wakijua wana miaka kadhaa walijikuta na mwaka mmoja tu. Toleo la 7 liliachwa liendelee hadi tarehe 30 Juni 2024.

Kutokana na tangazo hilo zilizaliwa distro mbili mpya. AlmaLinux, iliyoanzishwa na kampuni ya CloudLinux, ilitoa toleo lake la kwanza rasmi Machi 2021. Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, ilitoka Juni 2021. Zote mbili zilitoa skripti za kugeuza seva ya CentOS 8 papo hapo. Oracle na Red Hat nazo zilikuwa na zana zao kwa ajili ya Oracle Linux na RHEL.

Njia za kubadilisha

Ndani ya familia moja

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kwa kuwa distro zote mbili zina vifurushi vya aina moja, kinachobadilishwa ni ghala ambamo seva huchukua programu. Skripti kama almalinux-deploy na migrate2rocky huweka funguo mpya za kuthibitisha vifurushi, huondoa vifurushi vyenye nembo ya distro ya zamani, huandika anwani za maghala mapya, kisha huamuru dnf ilinganishe kila kifurushi na kile kilichoko kwenye ghala jipya. Seva ikizimwa na kuwashwa, hufunguka kwa kerneli mpya. Data na mipangilio haviguswi.

Sharti ni kwamba toleo kuu liwe moja: CentOS 8 kwenda AlmaLinux 8, si kwenda AlmaLinux 9. Aliye na CentOS 7 hutumia zana kama ELevate ya mradi wa AlmaLinux, ambayo hupanda ngazi moja kwa wakati. Debian kwenda Devuan hufanyika kwa mtindo unaofanana: faili la maghala hubadilishwa, kisha apt hupandisha mfumo wote.

Kutoka familia moja kwenda nyingine

Seva ya CentOS haiwezi kufanywa Debian kwa kubadilisha ghala tu, kwa sababu vifurushi havielewani. Njia inayotumika ni kujenga mfumo mpya kando ya ule wa zamani. Zana ya debootstrap huweka Debian ndogo katika saraka au sehemu tupu ya diski wakati seva inaendelea kuhudumia watu. Fundi huingia ndani ya mfumo huo mpya kwa amri ya chroot, akasakinisha kerneli, huduma ya SSH na programu zinazohitajika, kisha akahamisha mipangilio. Mwisho programu ya kuanzisha mashine, ambayo kwa kawaida ni GRUB, huelekezwa kwenye mfumo mpya. Ni sawa na kujenga nyumba mpya uani wakati familia inaendelea kulala katika ile ya zamani.

Kupitia kumbukumbu ya muda

Ikiwa diski haina nafasi, mfumo mdogo unaweza kupakiwa wote kwenye RAM, seva ikaendeshwa kutoka humo, na diski ikaandikwa upya. Teknolojia ya kexec huiwezesha kerneli moja kuianzisha nyingine bila kupitia hatua za kuwasha mashine. Zana ya nixos-anywhere hutumia njia hii kuweka distro ya NixOS. Ni njia ya haraka, lakini umeme ukikatika katikati hakuna mfumo wa zamani wala mpya unaobaki.

Seva mbili sambamba

Panapokuwa na mashine ya pili, hata ya kuazima, distro mpya husakinishwa humo, data zikanakiliwa, huduma zikajaribiwa, kisha watumiaji wakahamishwa. Kitaalamu huku si kubadilisha distro bali ni kuhama. Wasimamizi wengi huipendelea njia hii kwa sababu seva ya zamani hubaki nzima mpaka mpya ithibitike.

Mambo yanayoharibika mara nyingi

Namba za watumiaji. Linux humtambua mwenye faili kwa namba, si kwa jina. Katika familia ya Red Hat huduma ya wavuti huendeshwa na mtumiaji apache mwenye namba 48. Katika Debian ni www-data mwenye namba 33. Faili zilizohamishwa bila kurekebisha namba huonekana kuwa za mtu mwingine, na tovuti hukataa kufunguka ingawa kila kitu kipo.

Majina na mahali pa faili. Mipangilio ya seva ya wavuti ya Apache huwa katika /etc/httpd upande mmoja na /etc/apache2 upande wa pili. Data za PostgreSQL huwa katika /var/lib/pgsql upande mmoja na /var/lib/postgresql upande wa pili.

Mtandao. Kadi iliyoitwa eth0 inaweza kuitwa enp3s0 katika mfumo mpya. Ikiwa mipangilio inataja jina la zamani, seva huwaka vizuri lakini haipatikani kwa mbali.

Hifadhidata. Maktaba ya msingi ya glibc ilibadilisha kanuni za kupanga maneno kwa alfabeti katika toleo la 2.28 la mwaka 2018. CentOS 7 hutumia toleo la 2.17. Faili za PostgreSQL zikichukuliwa zilivyo kutoka CentOS 7 na kuwekwa kwenye distro mpya zaidi, faharasa za safu zenye maneno zinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi bila onyo lolote: jina la mgonjwa lipo, lakini likitafutwa halionekani. Dawa ni kujenga upya faharasa hizo, au kuhamisha data kwa pg_dump badala ya kunakili faili.

Vifaa vya zamani. RHEL 8 na distro zinazoifuata ziliondoa madereva ya baadhi ya kadi za RAID za zamani, hivyo seva inaweza kuwaka na isizione diski zake. RHEL 9 huhitaji prosesa za kiwango cha x86-64-v2, na RHEL 10 kiwango cha x86-64-v3. Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kerneli wala kisakinishi cha mashine za biti 32. Jambo hili huzigusa hasa shule zinazotumia kompyuta za msaada.

Saa ya mashine. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, seva huwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Vyeti vya usalama na funguo za vifurushi hukataliwa, na kazi yote husimama kwa kosa linaloonekana halihusiani na saa.

Maandalizi

Kabla ya kugusa chochote, fundi huandika orodha ya huduma zote zinazoendeshwa, matoleo yake, milango ya mtandao inayotumika, kazi za ratiba na mgawanyo wa diski. Orodha hiyo huchapishwa kwenye karatasi au kuwekwa kwenye kompyuta nyingine, maana haisaidii ikiwa imo ndani ya seva iliyokwama.

Hatua zinazofuata ni:

1. Kuchukua nakala ya akiba ya data na ya saraka ya /etc, na kuiweka nje ya seva.
2. Kuijaribu nakala hiyo kwa kuirejesha kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.
3. Kufanya zoezi zima kwenye mashine pepe yenye distro na programu zilezile.
4. Kupakua vifurushi vyote mapema, kabla ya kuanza kubadilisha.
5. Kuendesha kazi ndani ya tmux au screen, ili laini ya mtandao ikikatika zoezi liendelee lenyewe upande wa seva.
6. Kuwatangazia watumiaji muda ambao huduma itasimama.

Njia ya kurudi

Kanuni inayotofautisha zoezi salama na la kubahatisha ni kwamba mfumo wa zamani haufutwi mpaka ule mpya uthibitike. Seva za kisasa za kampuni huwa na kifaa cha usimamizi kinachomwezesha fundi kuiona skrini na kuiwasha mashine akiwa mbali, kama iDRAC ya Dell au iLO ya HPE. Seva ndogo nyingi, pamoja na kompyuta za kawaida zinazotumika kama seva, hazina kifaa hicho.

Kwa mashine kama hizo kuna mbinu isiyo na gharama. Mfumo wa zamani na mpya huwekwa katika sehemu mbili za diski. GRUB huwekewa mfumo wa zamani kuwa chaguo la kawaida, kisha kwa amri ya grub-reboot huagizwa kuwasha mpya mara moja tu. Kerneli mpya hupewa pia kigezo cha panic=10, kinachoifanya mashine ijiwashe upya sekunde 10 baada ya kosa kubwa la kerneli. Mfumo mpya ukiwaka na kupatikana, fundi huufanya kuwa wa kawaida. Ukishindwa, kuwashwa kunakofuata huurudisha ule wa zamani. Hata pale mashine inapoganda bila kujizima, anachohitaji fundi ni mtu aliyeko hapo, awe karani, mwalimu wa zamu au mlinzi, azime swichi na kuwasha tena.

Mbinu hii ina mpaka wake: GRUB lazima iweze kuandika kwenye faili lake la kumbukumbu. Saraka ya /boot ikiwa ndani ya LVM au RAID ya programu, agizo la mara moja huenda lisifutwe, na mashine ikajaribu mfumo mbovu kila inapowashwa. Kwa hiyo mbinu yenyewe hujaribiwa kwanza kwa kutumia kerneli mbili za mfumo uleule wa zamani.

Mazingira ya Shinyanga na Geita

Ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Victoria una pande mbili za teknolojia zinazoishi jirani. Upande mmoja kuna migodi mikubwa, kama Geita unaomilikiwa na AngloGold Ashanti na Bulyanhulu mkoani Shinyanga, pamoja na mgodi wa almasi wa Mwadui wilayani Kishapu. Upande wa pili kuna miji na machimbo ya wachimbaji wadogo, shule za kata, vituo vya afya, maduka ya wanunuzi wa dhahabu na ofisi za halmashauri. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Umbali una uzito katika hesabu ya kubadilisha distro. Fundi aliyetoka Mwanza kwenda Geita alivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi mpaka daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa mwaka 2025. Daraja limefupisha safari, lakini bado safari ya kwenda kubonyeza swichi moja huchukua sehemu kubwa ya siku.

Mtandao nao huhesabiwa. Gigabaiti 1 kwa laini yenye kasi halisi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 1, na zoezi moja linaweza kuhitaji gigabaiti kadhaa. Kwa sababu hiyo hushauriwa kupakua vifurushi mjini, kuvibeba kwenye diski ya nje na kuifanya diski hiyo kuwa ghala la muda. Taasisi yenye seva kadhaa huweza kutumia apt-cacher-ng, inayohifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa ili seva ya pili isikipakue tena.

Umeme ndio hatari ya tatu. Umeme ukikatika wakati vifurushi vinabadilishwa, mfumo hubaki nusu wa zamani, nusu mpya. Kwa Debian hali hiyo mara nyingi hutengenezeka kwa amri ya dpkg --configure -a. Kwa familia ya rpm hubaki vifurushi vya matoleo mawili vinavyopaswa kusafishwa kimoja kimoja. Betri za UPS huisha nguvu kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo hupimwa kwa kuchomoa waya wa umeme na kuhesabu dakika seva inazodumu, kabla ya siku ya zoezi.

Pale ambapo kubadilisha haifai

Si kila seva ya zamani inapaswa kubadilishwa distro. Ikiwa programu inayoendeshwa haina mtu wa kuirekebisha, au diski zenyewe zimechoka, kununua mashine mpya ni nafuu kuliko kuhatarisha data. Ubuntu hutoa masasisho ya muda mrefu kupitia huduma ya Ubuntu Pro, na zipo kampuni zinazouza masasisho ya CentOS iliyokoma. Hatua ya muda ni kuitenga seva na intaneti na kuiacha ihudumie mtandao wa ndani pekee. Hatua hiyo hupunguza hatari bila kuimaliza, kwa kuwa virusi huweza kuingia pia kwa flashi au kwa kompyuta nyingine ya ofisini.